Ukanda ni Dhambi ya Nani?



Siku moja nilikuwa Pande, kule Kilwa kusini, nimekaa barazani na mzee mmoja baada ya sala ya alasiri. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza natoka wapi na nafanya kazi gani. Nilipomwambia mimi ni mwandishi wa habari kutoka Dar es Salaam, akatabasamu.

"Afadhali umekuja, mjukuu wangu, maana nina swali. Watu wa Dar wakidai maji na barabara, mnaandika wananchi wanadai haki yao. Sisi huku tukidai, mnaandika tuna ukanda. Kwa nini?"

Nilijichekesha tu. Sikuwa na jibu. Nikaondoka na swali lake mfukoni, na tangu siku hiyo limekuwa likinikera kama mwiba uliobaki unyayoni. Leo nataka kujaribu kumjibu.

Wote tunalijua neno lenyewe. Katika hotuba za wanasiasa wetu ukabila, udini na ukanda hutajwa kwa pumzi moja, kama ndugu watatu wa tumbo moja. Sisi tuliozaliwa baada ya uhuru tumefundishwa kuwaogopa wote watatu, na sisemi tumefundishwa vibaya. Mwalimu Nyerere aliona majirani zetu wakichinjana. Aliona kwamba nchi yenye makabila zaidi ya mia moja inaweza kusambaratika kwa neno moja la kizembe. Matunda ya woga ule tunayala mpaka leo: kijana wa Kilwa anapangiwa kazi Bukoba, anaoa hukohuko, na hakuna anayeshangaa. Hilo si jambo dogo.

Lakini kuna tofauti kati ya kuonya na kunyamazisha. Mtu akikuuliza "fungu langu liko wapi?" nawe ukamjibu "wewe una ukanda", hujamjibu. Umemfunga mdomo tu.

Ili nimjibu yule mzee itabidi nipitie mbali kidogo, Marekani ya miaka ya mwanzo ya 1800. Msinicheke. Sisemi Marekani ni mwalimu wetu. Nakwenda kule kwa sababu mbili. Ya kwanza, ugomvi huu wa taifa na kanda zake wao waliupigana hadharani, kwa hotuba, kwa kura na mwishowe kwa bunduki, na kila kitu kikaandikwa. Ya pili ni kubwa zaidi: ugomvi wao ulifika mpaka Kilwa, umekunjwa ndani ya jora la kitambaa. Nitaeleza.

Marekani: kila mtu mzalendo, mpaka ifike zamu yake kulipa

Wamarekani walijitangazia uhuru mwaka 1776 na katiba yao wakaiandika mwaka 1787. Miaka ya mwanzo ya 1800 ilikuwa nchi changa, inayojiuliza bado kama ni taifa moja au ni mkusanyiko wa majimbo yaliyokubaliana kukaa pamoja kwa muda.

Wengi wetu tukisikia habari za kujitenga Marekani tunawaza Kusini, watumwa na pamba. Kumbe waliotangulia kununa walikuwa watu wa Kaskazini. Mwaka 1807 serikali ilipiga marufuku meli za Marekani kufanya biashara na nchi za nje, na mwaka 1812 ikaingia vitani na Uingereza. Majimbo ya New England, ambayo uhai wake ulikuwa bandari na meli, yaliumia. Desemba 1814 wajumbe wao walikutana mjini Hartford, milango imefungwa, wakajadili jinsi kanda yao inavyoonewa. Wapo waliotamani kujitenga, ingawa mkutano wenyewe haukufika huko. Uliishia kudai katiba irekebishwe. Bahati yao ilikuwa mbaya. Madai yao yalifika Washington wakati mmoja na habari kwamba amani imetiwa saini na kwamba Waingereza wamechapwa kule New Orleans. Wakaonekana wasaliti. Chama chao cha Federalist hakikuinuka tena.

Kikafuata kipindi ambacho gazeti moja la Boston lilikiita zama za hisia njema. Chama kikabaki kimoja tu chenye nguvu. Mwaka 1820 Rais James Monroe alichaguliwa tena akikosa kura moja tu ya wajumbe wa uchaguzi. Sisi tuliowahi kuwa na chama kimoja na kura za "Ndiyo" na "Hapana" tunazijua hisia njema za namna hiyo. Juu bahari imetulia, chini mkondo unavuta.

Tazama sasa jinsi watu walivyogeuka. Mwaka 1816 Bunge lilijadili ushuru wa forodha ili kuvilinda viwanda vichanga dhidi ya bidhaa za Uingereza. John Calhoun wa South Carolina, jimbo la Kusini, aliunga mkono, akisema taifa lazima lifungwe pamoja kwa barabara, mifereji na viwanda. Daniel Webster, mtu wa New England, alipinga, kwa sababu watu wake walikuwa wenye meli na ushuru ungewapunguzia mizigo.

Songa mbele miaka 12. Mwaka 1828 ushuru ulipandishwa sana. New England sasa ilikuwa imejaa viwanda vya nguo, na Webster akawa mtetezi mkubwa wa ushuru na wa umoja wa taifa. South Carolina sasa ilikuwa imezama kwenye pamba, inauza nje na kununua vya nje, na Calhoun, akiwa Makamu wa Rais, aliandika kwa siri hoja kwamba jimbo lina haki ya kuibatilisha sheria ya taifa. Watu walewale wawili walikuwa wamebadilishana viti. Mzalendo wa jana akawa mtu wa kanda, na mtu wa kanda akawa mzalendo.

Sidhani kwamba wote walikuwa waongo. Ninachokiona ni kwamba ni rahisi sana kulipenda taifa linapokujengea, na ni rahisi kumwita mwenzako mbinafsi pale taifa linapomchukulia yeye. Hata wewe na mimi tuliopo Dar es Salaam tunaangukia humo.

Novemba 1832 South Carolina ikafika mwisho. Ikatangaza kwamba kuanzia Februari 1833 sheria ya ushuru haitatumika ndani ya mipaka yake. Rais Andrew Jackson akajibu kwa ukali kwamba huo ni uhaini, na akaomba Bunge limruhusu kutumia jeshi. Machi 1833 akatia saini sheria mbili kwa pamoja: moja ya kumpa nguvu za kijeshi, nyingine ya kupunguza ushuru kidogo kidogo. Fimbo mkono mmoja, tende mkono wa pili. Carolina ikarudi nyuma, na kila upande ukajiona umeshinda.

Lakini lile lililokuwa chini ya meza halikuguswa. South Carolina wakati ule zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa watumwa. Wenye mashamba waliogopa kwamba serikali yenye nguvu ya kutoza ushuru leo, kesho itakuwa na nguvu ya kuwafungulia watumwa wao. Walipopaza sauti wakisema "sisi watu wa Carolina tunaonewa", walio wengi katika Carolina hawakuwamo kabisa ndani ya neno "sisi". Katiba iliwahesabu watumwa kama tatu ya tano ya mtu ili kuwaongezea mabwana zao viti bungeni. Wao wenyewe hawakuwa na kura wala sauti.

Na Bunge likafanya nini? Kuanzia mwaka 1836 mpaka 1844 Bunge la chini lilikuwa na kanuni kwamba maombi yote ya wananchi ya kupinga utumwa yawekwe pembeni bila kujadiliwa. Kwa ajili ya umoja, eti. Desemba 1860 South Carolina ikawa jimbo la kwanza kujitenga, na vita ya 1861 hadi 1865 ikaua mamia ya maelfu. Umoja uliolindwa kwa kukataza mazungumzo ulidumu mpaka siku mazungumzo yalipogeuka mizinga.

Jora la merekani

Sasa turudi nyumbani. Bibi zetu walikuwa na neno kwa kile kitambaa cheupe kigumu cha pamba: merekani. Hilo ni jina la nchi kilikotoka. Mwaka uleule wa 1833, miezi michache baada ya Jackson kutia saini sheria zake mbili, mjumbe wake Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mwaka 1837 Marekani ikaweka balozi wake mdogo Unguja, mfanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts.

Fuata safari ya jora lile. Pamba ilichumwa na watumwa katika mashamba ya Kusini mwa Marekani. Ilisokotwa na kufumwa katika viwanda vya Massachusetts, vilevile ambavyo Webster alivitetea kwa jina la taifa. Ikapanda meli za Salem mpaka Unguja. Wamarekani hawakuruhusiwa kujiuzia wenyewe katika pwani ya Mrima, hivyo ilivushwa na wafanyabiashara wa Kihindi, Kiarabu na Kiswahili mpaka Kilwa Kivinje, na kutoka hapo misafara ikaipeleka bara hadi Ziwa Nyasa. Huko bara ikanunua pembe za ndovu. Ikanunua na watu.

Kilwa Kivinje ilikuwa ndiyo bandari kubwa ya watumwa katika pwani yetu. Katika miaka ya 1860, kwa hesabu za forodha, ilipitisha takriban watu 20,000 kwa mwaka. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa Sultani Barghash mwaka 1873, na hata baada ya hapo iliendelea kwa kificho.

Kwa hiyo mtu aliyefungwa minyororo Carolina alichuma pamba iliyokuja kumnunua mtu mwingine nyuma ya pwani ya Kilwa. Na katikati yao walikaa mabwana wa Kaskazini na wa Kusini wakigombana nani kati yao ni mzalendo zaidi. Tusijitoe na sisi: katika misafara ile Waswahili walikuwamo, na si kama mizigo tu.

Habari haikuishia hapo. Vita ya Marekani ilipofunga bandari za Kusini, viwanda vya Ulaya vilikosa pamba, na Ulaya haikusahau. Ujerumani ilipopata makoloni, moja ya mambo iliyoyatamani ni pamba yake yenyewe, isitegemee ya Marekani. Mwaka 1902 Gavana von Götzen akaanzisha mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya za pwani. Watu wakalazimishwa kulima, na malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuyapokea.

Mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete katika vilima vya Umatumbi, wilaya ya Kilwa, watu wakaingia shambani wakang'oa mashina ya pamba. Huo ndio mwanzo wa Maji Maji. Kila mtoto wa shule anaijua tarehe, lakini mara nyingi tunasahau kuuliza kwa nini walianza na pamba.

Kilwa inalizalia taifa hadithi

Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza imepamba. Aliacha nyuma yake jambo ambalo Wajerumani hawakulitegemea: Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na baadaye hata Wangoni, watu waliokuwa na ugomvi wao kwa wao, wamekunywa maji ya aina moja. Vita iliendelea mpaka 1907. Wajerumani walichoma maghala na mashamba, njaa ikamaliza walioachwa na risasi. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamepandisha mpaka 250,000 na zaidi.

Nusu karne baadaye, TANU ilipotafuta mizizi ya taifa, ilichimba hapo. Desemba 1956 Mwalimu aliwasimulia wajumbe wa Umoja wa Mataifa habari za Maji Maji, kwamba watu wetu walipigana kwa sababu hawakuikubali haki ya mgeni kuwatawala. Mwaka 1969 Ebrahim Hussein akatupa tamthilia ya Kinjeketile, ambayo wengi wetu tuliikariri darasani.

Kwa maneno mengine, hadithi ya kwamba sisi ni taifa moja ilizaliwa katika wilaya ya Kilwa. Taifa liliichukua, likaifanya ya wote, na ilikuwa sawa. Hakuna Mmatumbi aliyesema "Maji Maji haitoki".

Na haikuwa mara ya mwisho kwa Kusini kutoa. FRELIMO ilipoanza vita dhidi ya Wareno mwaka 1964, mikoa hii ndiyo iliyokuwa mpakani. Wapiganaji wa Samora Machel walifundishwa Nachingwea. Wakimbizi walipokelewa Kusini. Sisi wa kwingine tulichangia kwa hotuba, nyimbo na michango ya mishahara. Kusini iliishi jirani na vita miaka kumi, na wakati kanda nyingine zilikuwa zikijengewa, huku palikuwa uwanja wa mapambano.

Taifa lilirudisha nini? Reli ambayo Waingereza waliijenga kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga uliokufa mwaka 1951 ilifungwa katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na vyuma vikang'olewa. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni mpaka mwaka 2003, lilipofunguliwa daraja la karibu mita 970. Masika mabasi yalikwama siku kadhaa, abiria wakilala porini. Hata baada ya daraja, kile kipande cha kilometa 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kuwa jehanamu kwa miaka mingine karibu kumi. Nadhani mnajua pia jina machinga linakotoka. Wengi husema ni kutoka kwa vijana wa Kimachinga wa Lindi waliokuja Dar kuuza bidhaa mkononi kwa sababu kwao hakukuwa na cha kufanya. Tumechukua jina la kabila tukalifanya jina la umaskini wa mjini, halafu tunawaambia wao ndio wenye ukabila.

Nisiwe mwongo kwa upande mmoja. Rais Benjamin Mkapa, aliyetawala 1995 hadi 2005, ni mtoto wa Lupaso, Masasi. Lile daraja lina jina lake. Kusini haikukosa watu Ikulu wala katika Baraza la Mawaziri. Ndiyo maana sikubali maelezo mepesi kwamba kuna watu fulani waliokaa mahali wakapanga kuidhulumu Kusini. Udhalimu mwingi hauhitaji kikao. Unahitaji tu kila mwaka kuwe na jambo la haraka zaidi mahali pengine.

Gesi, halafu korosho

Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Mwaka 2004 ilianza kusafiri kwa bomba, ikitua Somanga na kwenda Dar es Salaam kufua umeme Ubungo. Ilipita kimya. Sikumbuki mwandishi yeyote aliyeandika kwamba watu wa Kilwa ni wazalendo kwa sababu hawakuzuia bomba. Uzalendo wa kunyamaza haupewi kichwa cha habari.

Kelele zilikuja baadaye, Mtwara, ilipoamuliwa kwamba gesi ya huko nayo ijengewe bomba la kwenda Dar es Salaam. Watu walikuwa wamejengewa matumaini ya viwanda na mitambo ya umeme. Desemba 2012 waliandamana kwa maelfu, kwa amani. Wito ulikuwa mfupi: gesi haitoki. Januari 2013 fujo zikalipuka mpaka Masasi, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaenda kuzungumza nao. Mei 22, 2013, siku bajeti ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, Mtwara ikawaka. Nyumba na ofisi zilichomwa, watu walipoteza maisha, wanajeshi wakapelekwa. Bomba likajengwa, likazinduliwa Oktoba 2015. Mwezi uleule ulikuwa wa uchaguzi, na majimbo yote mawili ya Kilwa pamoja na Mtwara Mjini yakaenda CUF.

Miaka mitatu baadaye ikaja korosho. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi ulikuwa na mgawanyo wake kisheria: asilimia 65 inarudi kuendeleza zao, 35 inabaki serikalini. Juni 2018 serikali ikapeleka bungeni mabadiliko ili fedha zote ziingie mfuko mkuu. Waliosimama kupinga safari hii hawakuwa wapinzani peke yao. Nape Nnauye wa Mtama na Hawa Ghasia wa Mtwara Vijijini, wote wa CCM, walipinga waziwazi. Sheria ikapita. Novemba mwaka huohuo bei ikagomewa, serikali ikaamuru korosho inunuliwe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizibebe. Wapo wakulima waliosubiri malipo yao kwa muda mrefu.

Ukitazama vizuri, hoja ya bungeni Dodoma mwaka 2018 ni ileile ya Washington mwaka 1828: ushuru unamwumiza nani, na fedha yake inamjengea nani. Tofauti iko katika yale yanayofuata, na hapo ndipo penye jibu la mzee wangu.

Anayedai bado yupo

South Carolina ilisema: sheria yenu haituhusu. Ilitaka iachwe peke yake ili iendelee kumiliki watu. Dai lake la ukanda lilikuwa ukuta wa kuficha dhuluma ya ndani.

Mtwara, kwa ukali wote wa "gesi haitoki", ilikuwa ikisema kinyume chake: na sisi tuhusishwe. Ilidai viwanda vya Tanzania vijengwe Mtwara. Wabunge wa korosho walidai fedha ya sheria ya Tanzania itumike kama sheria ya Tanzania ilivyosema. Mtu anayetaka kuondoka katika nyumba haombi apakiwe rangi chumba chake. Anafunga mizigo. Anayelalamika kuhusu chumba ni yule anayeamini nyumba ni yake.

Sisemi kila kilichofanyika kilikuwa sawa. Kuchoma nyumba ya mtu ni kuchoma nyumba ya mtu, na waliofiwa mwaka 2013 hawafarijiwi na hoja zangu. Nasema tu kwamba moto ule haukuanza siku ile. Ulianza siku swali lilipojibiwa kwa tusi.

Ila ndugu zangu wa Kusini nao wana swali la kujiuliza, lile ambalo wenye mashamba wa Carolina walilikwepa: "sisi" ni nani? Mtwara inaposema Kusini, inamaanisha na Lindi? Lindi inapozungumza, inamkumbuka Kilwa? Na Kilwa Masoko inapogawa mapato ya wilaya, mvuvi na mkulima wa ufuta wa Pande anafikiwa? Kanda inayolia kwamba imesahauliwa na taifa inaweza kabisa kuwa na vijiji inavyovisahau. Ukanda unageuka dhambi pale wakubwa wa kanda wanapoutumia kama kanga ya kufunika matumbo yao.

Babu, hili ndilo jibu langu, limechelewa lakini limefika. Tunawaita nyinyi wenye ukanda kwa sababu sisi tunaokaa bomba linapoishia tumezoea kudhani kwamba tunapokaa sisi ndipo palipo taifa. Dar es Salaam nayo ni kanda. Ina masilahi yake, ina ubinafsi wake, na umeme wake kwa miaka mingi umetegemea gesi ya kwenu. Haijaitwa yenye ukanda kwa sababu magazeti, pamoja na mimi, yako huku.

Siku nyingine nikisikia neno hilo kwenye hotuba, nitauliza kwanza: huyu anayelaumiwa alikuwa anadai nini, na je, alijibiwa?

Tutafakari.